Mnyororo Mpya Kabla Ule wa Zamani Haujakatika

Baiskeli nilipewa kwa masharti. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mkunga katika zahanati moja chini ya milima, upande wa Bigwa. Bwana mkubwa wa zahanati alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Siku ikikuharibikia njiani ukaonekana unaikokota, itakwenda kwa dresa." Dresa, yule mfunga vidonda wetu, alikuwa pale pale anachekelea, maana aliitaka sana. Na mimi bila baiskeli, wajawazito wa vijiji vya juu ningewafikia wakati mambo yameshaharibika.

Basi nikaapa haitaniharibikia hata siku moja. Kila Jumamosi naipindua magurudumu juu, nausafisha mnyororo kwa mafuta ya taa, kisha nauvuta kwa kidole pale mbele, penye meno ya pedeli. Ukiinuka meno yakaonekana, umelegea huo, haunifai tena. Raba za breki nilizibadili zingali nene. Fundi wa mjini akanishangaa.

"Bibi wee, mnyororo huu mzima kabisa!"

"Nimekuomba ufunge mpya, au nimekuomba ushauri?"

Akafunga, na frihwili mpya pia, ile ya meno ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa meno yaliyolika yangeuharibu mnyororo mpya. Khanga ya sikukuu nikaisahau mwaka ule. Wenzangu wakanicheka, eti nimeolewa na chuma. Wacheke!

Wiki haikupita, nikaitwa ofisini. Dresa alikuwa amepeleka habari kwamba nimeonekana nakokota baiskeli mlimani. Hasira zikanipanda.

"Ndiyo, bwana mkubwa, nilikokota. Kwenye keria alikaa mama mwenye uchungu. Ulitaka nimkimbize kwenye makorongo yale?"

"Dresa anasema mnyororo ulikatika."

"Anasema! Aliuona?"

Dresa akakohoa. Nikatoka uani, wote wawili wakanifuata, nikaishika baiskeli. "Haya kaka, njoo ukae hapa nyuma."

"Mimi?"

"Wewe. Au unaogopa?"

Kina mama waliokuja na watoto wao wakasogea kutazama. Akakaa, mwanamume mzito yule, miguu inaburuzika. Nikakaza kibwebwe, nikakanyaga pedeli. Kutoka pale uani hadi wodi ya juu ni mlima mtupu. Mnyororo ukashika, haukuteleza hata jino moja. Vigelegele! Natweta, jasho linanichuruzika, lakini furaha niliyokuwa nayo siwezi kuisimulia nikaimaliza.

Kule juu nikageuza, nikapiga kengele. "Sasa mteremko, kaka, uzione na breki."

Dresa alikwisharuka chini. Nikateremka peke yangu, mbio, moja kwa moja mpaka kwa bwana mkubwa, nikabana breki. Gurudumu likasimama hatua moja kutoka kwenye viatu vyake. Hakurudi nyuma, lakini miwani alishaivua.

"Iondoe hapa baiskeli yako," akasema. "Wagonjwa wanapita."

Yako! Mpaka siku ile alikuwa akiiita baiskeli ya zahanati.