Protini Kwa Ukuta wa Kailemia

Wewe msomaji, shida yako ni picha. Ukionyeshwa kitu ya rangi rangi imetoka kwa kompyuta, unameza chochote. Inakera, na matokeo yake inanuka.

Kananu alisomea baiokemia, anakaa Majimbo, Embu. Kazi hana, so jioni anaingia tovuti za bure: unaweka umbo la protini, unaweka molekuli ya dawa, kompyuta inakisia vile zitashikana, inakupa alama. Siku moja alijaribu molekuli ya gome la mti, picha ikatoka safi, alama tisa, akaiweka status ya WhatsApp. Mazoezi tu.

Kufika kwao Nkubu mwezi uliofuata, akapata mamake, Cicily, amefura miguu. Cicily ana ugonjwa wa sukari. Tembe zake za hospitali alikuwa amezimwaga kwa choo.

"Mami, umetupa dawa?"

"Si kompyuta yako ilisema unga ya Kailemia wa miti shamba ndiyo kali kwa sukari?"

Kananu akashuka sokoni mbio, begi ya laptop mgongoni. Ile picha yake ya status ilikuwa kwa ukuta wa Kailemia, kubwa kama mlango, juu ya debe za unga ya gome. Na huyo Kailemia ni mzee wa kanisa!

"Mzee, toa hiyo picha. Hiyo protini hata si ya binadamu. Ni ya hamira."

"Hamira gani?"

"Ya mandazi! Watu hufanyia majaribio nayo juu ni rahisi kupata."

"Punguza wivu, mwari. Alama ni tisa."

Kananu akafungua laptop hapo hapo, akaweka molekuli ya rangi ya nguo kwa protini ile ile. Wakangoja, wateja wakichungulia. Alama ikapita ya gome.

"Mmeona? Weka chochote, itakupa alama. Kuponya ni kitu ingine."

Mteja mmoja akasongea. "Na hiyo rangi, mwari, mtu anakunywa na chai ama na maji?"

Kailemia akacheka hadi akashika tumbo, akaendelea kupima unga.

Cicily alikuwa amefika pole pole, ameshikilia ukuta. Alisikia yote.

"Kumbe umekuwa ukinitibu kama mandazi, mzee?"

Kailemia akageukia mizani. Mteja alikuwa anangoja.

"Kananu, nipeleke hospitali," Cicily akasema. "Hapa pananuka."

Sasa wewe: kama mzazi wako ameacha tembe juu ya picha, funga hii simu, umrudishe kliniki leo.