Miwani Iliyokuwa Njiani

Mume wa fundi cherehani mmoja alikuwa mtu wa hesabu mpaka kero. Mtaani walimwita Mzee Risiti, wala hakununa, jina alilipenda. Kila mwisho wa mwezi aliingiza taarifa ya benki kwenye programu ya kompyuta ya matumizi ya nyumbani, akalinganisha mstari kwa mstari, na ole wake atakayempigia kelele. Ila alikuwa na wazimu mmoja: matumizi aliyaandika kabla ya kulipa. Akitaka kwenda dukani, anaandika kwanza, ndipo anavaa viatu.

Siku ile aliandika, "Miwani ya mama watoto, elfu themanini." Akavaa viatu. Gari likamgonga hata dukani hajafika.

Jamani, mstari ule! Mkewe, ambaye hata kuwasha kompyuta alikuwa akisuasua, alijifunza kazi yote kwa ajili ya mstari huo. Kila mwezi akiingiza miamala ya benki, umeme ulioandikwa unapata mwenzake wa benki, maji yanapata mwenzake, vyote vinawekewa tiki. Miwani inabaki peke yake, na pembeni neno moja: Inasubiriwa. Hesabu zinapishana kwa elfu themanini zilezile. Naye anageukia mlango. Wakati mwingine alisikia kabisa viatu vikiburutwa kibarazani, akanyamaza asije akavifukuza.

"Mama, si uufute tu huo mstari?" binti yake alimwambia.

"Mfute wewe baba yako, nikuone."

Na miwani nyingine hataki kununua. Ya nini, wakati yake inaletwa? Macho nayo hayakungoja. Akawa anatunga uzi kwa kubahatisha, akamshonea mteja gauni lenye mikono miwili, yote ya kushoto. Wiki iliyofuata sindano ikampitia kidoleni. Binti akaja juu.

"Basi, mama! Cherehani ndiyo inayotulisha. Leo tunakwenda dukani, utake usitake."

Mwenye duka la miwani alipowaona aliinamisha kichwa. Akafungua droo, akatoa kiboksi.

"Ilikuwa tayari siku ileile," alisema. "Nikaona haya kuja kudai msibani. Bei ni ileile niliyopatana na mzee."

Mama akalipa kwa kadi ya benki.

Mwisho wa mwezi akaketi mbele ya kompyuta, miwani puani, binti pembeni. Akaingiza taarifa ya benki. Programu ikafikiri kidogo, kisha ikauliza: Malipo haya ndiyo yale yaliyokuwa yanasubiriwa? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Kidole kikaganda. Kibarazani viatu vikaburutwa taratibu, vikasimama mlangoni. Mpaka leo anaapa alivisikia.

"Bonyeza, mama. Si ndiyo yenyewe?"

Akabonyeza Ndiyo. Tiki ikatokea. Tofauti: sifuri.

Binti akapiga makofi. "Imekaa sawa! Leo baba angecheka mpaka basi!"

Mama hakucheka. Alitega sikio kibarazani mpaka akachoka, kimya kitupu. Akavua miwani, akaikumbatia kifuani, na kilio alichokikaba tangu siku ya mazishi kikamtoka chote.

"Amefika," alisema. "Mwanangu, baba yako amekufa."