Kadi ya Mfinyanzi

Kadi ya Mfinyanzi hakuna aliyeitaka. Kadi nyingine zikishachaguliwa, yenyewe inabaki juu ya kigoda imejikunyata, na Lameck anaisukuma kwa mkewe huku anacheka, "Haya, mchukue ndugu yako." Tulinagwe anachukua. Angefanyaje? Ni kweli yeye ni Mkisi, binti wa wafinyanzi wa upande wa Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, aliyekuja kuolewa huku Ipinda kwa Wanyakyusa wenye kakao na mpunga wao. Tangu afike anataniwa kwamba mikono yake inanuka udongo, na utani ukizidi, jamani, nao unauma.

Mchezo wenyewe aliuleta wifi yake, Diana, kutoka kwenye semina ya mafuriko. Mnacheza wanne, lakini hamshindani. Ninyi nyote ni kijiji kimoja, adui yenu ni maji. Mnatafuta mtumbwi, dawa, mbegu na moto, na kadi zikiisha vyote vinne muwe bado mnavyo. Mkipona mmepona wote, mkizama mmezama wote. Ikifunuliwa kadi ya maji, kila mtu anatupa alichoshika. Na kadi ikianguka chini imekwenda na maji, haiokotwi. Mvuvi anavuta kadi mbili badala ya moja. Nesi anafufua kadi iliyotupwa, ila si iliyozolewa na maji. Mwenyekiti anachungulia kadi inayofuata. Na Mfinyanzi? Ana chungu tu. Mwenzake akimpa kadi mkononi, anaitia chunguni, maji yasiifikie. Sasa hiyo nayo ni nguvu?

Mvuvi alikuwa Mzee Ebeneza, baba yao Lameck na Diana. Alicheza akiwa amelala kitandani barazani, mguu wa kushoto umefunikwa kanga kwa sababu ya harufu. Kisukari kile. Kidonda kilianzia kidoleni, kikapanda, na daktari alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: mguu ukatwe, la sivyo mzee anakwenda nao. Mzee akagoma. Mwanamume mzima azikwe vipandevipande? Wanawe wakambembeleza, mchungaji akaja akaomba, wapi! Mwisho, ili wamwache apumzike, akasema, "Siku mtakapokiokoa hicho kijiji chenu cha karatasi, nipelekeni wakaukate." Alisema hivyo kwa kuwa walikuwa hawajawahi kushinda hata mara moja. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, kijiji kizima kilijua.

Basi Tulinagwe akaushika mchezo ule kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Mzee yule alikuwa mkwewe, na mila ya pale haina mchezo: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, hapokei kitu mkononi mwake. Vijana wengi siku hizi wameilegeza. Nyumba ya Ebeneza haikuilegeza. Kwao Tulinagwe, kule ziwani, hawakumlea na ukali wa namna hiyo, kwa hiyo alipoolewa alikosea. Alikutana na mzee njiani akamsalimia usoni kabisa, "Ugonile, baba!" Lo! Shangazi wa mumewe walimsema hadi akatamani kurudi kwao kwa miguu. Tangu siku hiyo alijifunza, tena alijifunza kupita hata wenyewe. Akisikia kikohozi cha mzee anapinda kona. Hata mchezoni alikaa ndani ya mlango, mgongo kwa mkwewe, na mkono tu ndio uliotokeza nje kupokea kadi za mumewe na wifi yake.

Hawakuwahi kuzungumza, yeye na mzee. Lakini miaka ilipopita bila mtoto na ukoo ukaanza kunong'ona kwamba Mkisi arudishwe, mzee ndiye aliyewafokea wote: huyo ni binti yangu, haendi popote. Tulinagwe aliyasikia akiwa jikoni. Alimpenda mzee yule, na hakuwa na njia hata moja ya kumwambia.

Alipinda shati la mumewe akiwaza kadi, alipeta mchele akiwaza kadi. Mpaka akaona kosa lao. Kila mtu alikuwa anakumbatia chake akisubiri vitu vyote vitimie, maji yakija yanazoa vyote. Mfinyanzi walimkumbuka mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

"Nipeni mapema," akawaambia Lameck na Diana. "Ukipata dawa, usikae nayo. Nipe. Bakini mikono mitupu."

"Tukae mitupu tukutegemee wewe?" Lameck akacheka.

"Ndiyo. Mnitegemee mimi."

Wakajaribu, na ala! Kijiji kikaanza kupumua. Vitu vitatu vikawa vinaingia chunguni bila shida. Tatizo likawa mzee: cha kwake kilibidi kipitie kwa Diana kwanza, na mzunguko mmoja ukipotea tu, maji yanawakuta. Wakawa wanazama mlangoni kabisa mwa ushindi.

Jumapili moja baada ya ibada wakacheza tena. Dawa ikaingia chunguni, mbegu ikaingia, moto ukaingia. Mtumbwi ukamwangukia mzee. Ilikuwa zamu yake, na Lameck alikuwa amechungulia kadi inayofuata, ambayo ndiyo ya mwisho.

"Maji, baba," akasema. "Hakuna nafasi ya kupitia kwa Diana. Ni sasa."

Tulinagwe mkono wake ulikuwa bado nje ya mlango, kiganja wazi. Alisikia kitanda kikilia. Alisikia mzee akihema, akijivuta, mguu ule ukimtesa. Kisha akasikia sauti ambayo haikuwahi kumsemesha tangu aolewe.

"Mwanangu, pokea."

Na kadi ikamgusa kidole.

Hakuamua. Mungu ndiye shahidi, hakuamua! Mkono ulijirudisha wenyewe kama umeungua, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kupiga sakafu, kichwa chini, kama alivyofundishwa. Kadi ikaanguka kwenye saruji.

"Tuiokote!" Diana akapiga kelele. "Baba, imeanguka bahati mbaya, tuhesabu tumeshinda!"

"Baba, nakuomba," Lameck akasema. Alikuwa analia.

"Iliyoanguka ni ya maji," mzee akasema, taratibu, bila hasira. "Nirudishieni kanga mguuni."

Hakucheza tena. Walipoanza kuanika kakao, walimzika nyuma ya nyumba.

Msibani wanawake walikaa kwenye majamvi, na Diana, ambaye hakuwa na nia mbaya, akawasimulia. Shangazi wale wale wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mmoja akaja akampapasa Tulinagwe mgongoni.

"Ndaga, mwanangu, asante," akamwambia. "Wake wa siku hizi hawana adabu kwa wakwe. Wewe hata baba alipokunyooshea mkono, hukuupokea."

Tulinagwe akaangua kilio, na majamvi yote yakamsifu kwa jinsi alivyompenda mkwewe.