Baba Nyuma ya Ukuta

Nilipopasuliwa moyo mara ya kwanza, miaka ya sitini, nilikuwa sijaoa. Niliporudi kwetu karibu na Keumbu, baba alikuja kila jioni akaketi kitandani pangu, akinimenyea ndizi na kunitania kwamba daktari aliingiza kidole moyoni mwangu akakuta uvivu mtupu.

Miaka kumi baadaye pumzi ilianza kunikatika tena. Kilango cha moyo, kile daktari alichokipanua kwa kidole mara ya kwanza, kilikuwa kimeota kovu na kuziba. Ilibidi nipasuliwe upya, na daktari hakunificha: huenda nisiamke.

Wakati huo nilikuwa nimeoa na kujenga. Kwetu Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na akiivunja mtu, aibu ni ya wote wawili. Basi mwezi mzima, nami sina nguvu za kufika hata mlangoni, baba alisimama nje kwenye migomba, tukasemezana kupitia ukuta wa udongo.

"Umeamkaje?"

"Salama, baba."

Salama gani! Nilikuwa nalala nimeketi, nimeegemea magunia. Mke wangu alikuwa akichuma majani chai, maana chai haingoji mgonjwa. Nilimsikia baba akikohoa, kisha akiondoka. Nilikuwa mpweke kuliko siku zote za maisha yangu, tena nina hasira, na simjui wa kumkasirikia. Nilitaka kumwona uso kabla sijafa, basi. Sikuthubutu kusema. Siku majirani waliponibeba hadi barabarani kupanda gari la Nairobi, baba alikuwa mazishini Nyamira.

Asubuhi ya upasuaji nilifumbua macho nikamwona mlangoni mwa wodi, amevaa koti la kanisani, kofia mkononi. Alisimama palepale, kwa mazoea. Akatazama vitanda vyote, kimoja kimoja, na wagonjwa wasiomjua.

"Hapa si kwako," akasema, akaingia.

Akaketi kitandani, akanishika mguu, wala hakuuachia mpaka waliponichukua.

Nilipona. Nikarudi nyumbani, naye akarudi migombani. "Umeamkaje?" Nikajibu salama, na safari hii ilikuwa kweli. Mtu mwenye akili timamu hatamani kupasuliwa moyo mara ya tatu. Mimi kuna asubuhi nilitamani.