Koti la Tisa la Nyota Saba

Asubuhi, chai bado haijachemka, na Bi Pindo ameshawasha taa inayoning'inia juu ya cherehani yake. Anakunjua koti jipya la mahameli rangi ya zambarau, analipapasa kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, kisha anarudia. Macho yake hayako kwenye koti. Yako kwenye mlango wa chumba cha ndani, ambako mumewe amekohoa kidogo na kunyamaza.

"Kaamka huyo," anasema. "Anajifanya amelala ili nisimjaribishe koti."

Chumba hiki cha mbele ndicho kiwanda chake. Kuna cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kamba iliyojaa suruali za watu zinazosubiri zipu. Jina lake la kwenye kitambulisho karibu hakuna anayelijua mtaani. Aliitwa Bi Pindo tangu usichana wake, kwa sababu hakuwahi kumruhusu mteja atoke na pindo lililokwenda upande, na hata leo mgeni akiingia, macho ya mama huyu huanzia miguuni.

"Suruali hiyo nani kakukunjia?" anamuuliza mwandishi wa makala haya, hata kabla ya karibu. "Mwambie namsalimia sana, na arudi shule."

Siku hizi anaishi kwa zipu na viraka. Nguo za mitumba zimewaondolea mafundi wengi kazi ya kushona, na anachopata, anasema, ni cha chumvi na sabuni. Lakini kuna miaka ambayo kila bendi ya mji huu ilipanda jukwaani imevaa nguo zilizopita kwenye meza hii yenye tofali.

Bendi zenyewe leo hazitajwi. Nyingi hazikutoa santuri hata moja, na zile zilizobahatika kurekodi redioni, kanda zao zilifutwa zikarekodiwa vitu vingine. Mtajie kijana wa leo Kereng'ende Jazz au Vijana wa Relini, atakuuliza hizo ni timu za daraja la ngapi.

Bi Pindo hazikumbuki kwa nyimbo. Anazikumbuka kwa miili.

"Mpiga tarumbeta unampima kifua akiwa amevuta pumzi," anaeleza, huku akichora hewani kwa chaki. "La sivyo vifungo vitaruka vimpige mtu wa mstari wa mbele. Mpiga gitaa unamfichia vifungo ndani, maana kimoja kikikwaruza gitaa lake, utaisikia hiyo habari mwaka mzima. Mpiga ngoma unamwekea kipande cha ziada kwapani. Yule wa Kereng'ende alikuwa akichana kwapa kila wiki! Nikamwambia, kaka, wewe unapiga ngoma au unapigana nazo?"

Anacheka mpaka miwani inashuka puani. Halafu anakumbuka koti lililo mapajani, na kicheko kinaisha.

Jumamosi hii, ule ukumbi wa zamani ambao sasa ni ghala la samani utafunguliwa kwa jioni moja. Mwenye ghala amekubali kusogeza makabati yake ukutani, na watu wa mtaa wameomba waliobaki wa bendi ya Nyota Saba wapande tena, wavae makoti yao, wapige kadiri watakavyoweza. Wamebaki watatu: mpiga ngoma, mpiga besi, na mwimbaji wao, waliyemwita Kayamba. Kayamba ndiye mume wa Bi Pindo, na ndiye anayejifanya amelala.

"Nyota Saba, lakini walikuwa tisa," anasema Bi Pindo. "Ukimuuliza mkubwa wao, alikuwa akikujibu wawili ni wa akiba."

Miaka miwili iliyopita Kayamba alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Neno hilo ni "haya".

"Ukimuuliza chai, haya. Ukimuuliza unaumwa, haya. Siku moja nikamwambia, mzee, mimi nakuacha naenda kuolewa na mwenye gari. Haya!" Anapiga goti lake kwa kofi, kisha sauti inashuka. "Mtu umeishi naye maisha yote, sasa hujui anataka nini. Nimemuuliza Jumamosi usimame mbele, akasema haya. Nimemuuliza usimame nyuma, watu wasikukodolee macho, akasema haya. Hiyo ndiyo inayonila, mwanangu. Nikikosea, nitakuwa nimemdhalilisha mbele ya mji mzima, na hana hata neno la kunilaumu."

Ili kuelewa kwa nini suala la mbele na nyuma linamnyima usingizi, inabidi kurudi kwenye hiyo mahameli.

Mahameli ina vinywele laini sana, kama vya mkononi mwa mtu. Ukiipapasa upande mmoja vinalala na kitambaa kinang'aa kidogo. Ukiipapasa upande wa pili vinasimama na rangi inakolea. Fundi hukata vipande vyote vikiangalia upande mmoja. Mchana, mezani, hutaona tofauti kubwa. Tofauti huonekana taa zikiwaka.

Wakati huo Bi Pindo alikuwa msichana anayejifunza kazi kwa shangazi yake. Nyota Saba walileta jora zima la mahameli kwa ajili ya makoti tisa. Shangazi akakata manane kwa mkono wake. La tisa akamwachia mwanafunzi.

"Akaniambia, hilo ni la yule wa kayamba, anasimama nyuma kabisa, hakuna atakayemwona. Jaribu nalo." Bi Pindo anatikisa kichwa. "Nikalikata vizuri, mshono umenyooka, bitana imekaa. Ila kitambaa nilikuwa nimekigeuza juu chini. Lo! Na shangazi hakuona, wala mimi sikuona."

Kilichofuata anakisimulia mpiga besi, ambaye ameingia muda huu bila kubisha, kama mtu wa nyumbani. Amekuja na koti lake mkononi.

"Shemeji, koti limesinyaa."

"Koti halijasinyaa, shemeji. Wewe ndiye umekuja watu wawili."

Mzee anakaa kwenye kigoda, anavuta pumzi, na kuendelea na kisa kama aliyekuwepo tangu mwanzo wa mazungumzo. Siku ya kwanza ya kuyavaa makoti yale, anasema, walipanda jukwaani, taa zikawashwa, na ukumbi mzima ukaanza kunong'ona. Wanane walikuwa zambarau ya kawaida. Yule wa nyuma alikuwa zambarau iliyokolea, ya kifalme, na wenzake wakaonekana kama waliovaa nguo zilizofuliwa mara nyingi.

"Mkubwa wetu tulikuwa tunamwita Jenerali, Mungu amlaze pema. Alikuwa na hasira huyo! Akageuka akamwona, nikajua leo mtu anakufa. Lakini watu wameshakaa. Akamwambia, wewe, kayamba, njoo mbele. Ukisimama huko nyuma umekosea nguo. Ukisimama hapa mbele, ndivyo tulivyopanga."

Kayamba akaja mbele. Na kwa kuwa mtu hawezi kusimama mbele ya bendi akitikisa kayamba tu, Jenerali akamsukumia kipaza sauti. Nyimbo zote alikuwa akizijua, maana kazi yake ilikuwa kuitikia.

"Akafungua mdomo," anasema mpiga besi, na hapo anamgeukia Bi Pindo. "Shemeji, wewe sema. Mimi nikifika hapo huwa nashindwa."

"Nilikuwa pembeni ya jukwaa na sindano yangu," anasema Bi Pindo, "nalia kwa aibu ya lile koti. Alipoanza kuimba nikasahau kulia."

Tangu siku hiyo hakurudi nyuma tena. Wiki chache baadaye alikuja dukani kwa shangazi kusema kifungo kimelegea. Wiki iliyofuata kikalegea kingine. Bi Pindo alipokitazama akaona uzi umekatwa kwa wembe, akamwambia, kaka, vifungo vikiisha utaleta nini? Akajibu kwamba ataleta wazee wake. Akawaleta kweli.

Koti lile la tisa lipo hadi leo. Linaning'inia nyuma ya mlango, kola imechakaa kidogo, rangi yake bado inakolea. Lakini mkono wa kulia wa Kayamba haukunjiki tena kuingia kwenye mkono wa koti, na mwili wake umepungua mpaka mabega yanamwagika. Kwa hiyo Bi Pindo alifungua sanduku, akatoa kipande kilichobaki kwenye lile jora, alichokitunza kwa vipande vya sabuni, nondo wasikile, miaka yote hii, na kumshonea mumewe koti hili jipya, mikono yake mipana.

Safari hii amelikata sawasawa. Vinywele vinaelekea chini, kama makoti ya wenzake.

"Nimeamua asimame nyuma," anasema, akikwepa macho ya mpiga besi. "Afanane na wenzake. Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Kwa nini nimuweke mbele watu wamhurumie? Nimemwambia. Amesema haya."

Mpiga besi anakunja koti lake vizuri na kuliweka juu ya meza.

Chai inapokuwa tayari, Kayamba anatoka. Ni mzee mrefu mwenye nywele nyeupe zilizochanwa kwa uangalifu, anayetembea kwa kushika ukuta. Anamsalimia mgeni kwa tabasamu la upande mmoja na "haya" ya kwanza ya siku. Mkewe anamsimamisha mbele ya kioo, anamvalisha koti jipya pole pole, kwanza mkono uliolala, kisha ule mzima. Anapiga magoti kutazama pindo. Koti limemkaa kama alilozaliwa nalo.

"Umeona, baba? Zuri?"

"Haya."

"Ukae nyuma na wenzako, eh?"

"Haya."

Lakini mkono wake wa kushoto umeanza safari yake wenyewe. Unapapasa kifua cha koti, kutoka juu kwenda chini. Unapita bila kukwama. Anarudia, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, halafu anapapasa kwenda juu. Uso wake unabadilika. Anashika ukosi, anauvuta, anaanza kujivua, na mkono uliolala unanasa ndani.

"Taratibu, baba, taratibu! Linakubana?"

Safari hii hasemi haya. Koti linaanguka sakafuni. Kayamba anashika ukuta, anakwenda hatua kwa hatua hadi nyuma ya mlango, anaweka kiganja juu ya lile koti kuukuu na kulipapasa kuelekea chini, vinywele vikimkwaruza kiganja jinsi alivyovizoea. Analishusha. Analikumbatia kifuani kwa mkono mmoja na kumgeukia mkewe.

Bi Pindo bado yuko magotini, pini mbili mdomoni. Anazitoa.

"Mbele?" anauliza.

"Haya," anasema Kayamba.

Mpiga besi anageukia dirisha kwa ghafla, na kujifuta uso kwa bega la shati. Bi Pindo hageuki popote. Analia waziwazi, huku akimkemea mumewe kwamba angeweza kusema mapema, asubuhi nzima ya watu imepotea, macho yenyewe haya hayaoni tena vizuri usiku. Mzee anamtazama kwa furaha isiyojificha.

Baadaye, Kayamba akiwa amekaa na chai yake, fundi analitandaza koti kuukuu mezani. Atafumua mkono wa kulia kutoka kiwikoni hadi begani na kutia vifungo vya kufichwa, ili uvalishwe bila kukunjwa. Mabega atayaingiza ndani. Kipande kitakachohitajika kuongezwa atakikata kutoka kwenye koti jipya, na atakigeuza juu chini, kosa lile lile, sasa kwa makusudi.

Na Jumamosi, kipaza sauti kikiwa mbele ya mtu mwenye neno moja?

Bi Pindo anatunga uzi kwenye sindano, anakosa tundu, anajaribu tena.

"Nitakaa palepale pembeni ya jukwaa," anasema. "Aimbe haya wimbo mzima, kama ndilo alilobakiwa nalo. Wenzake wataitikia. Wakichoka, nitaitikia mimi. Haya, mwanangu, nisogezee hiyo taa."