Jiko Chumbani kwa Cucu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani hapa Majengo husema nikionekana barabarani, basi chumvi imeisha. Kwa hiyo shule ilipompa binti yangu kazi ya huduma kwa jamii, nilimshukuru Mungu kwamba jamii si mimi.

Nilikosea. Kundi lao lilichagua kufundisha watu hatari ya kulala na jiko la makaa msimu huu wa baridi, na nyumba ya kwanza ilikuwa yetu.

"Dalili za sumu ya makaa," alisema, amesimama mbele ya kochi kama pasta. "Kichwa kuuma asubuhi. Kizunguzungu. Ukitoka kwa hewa, unapona. Mama, unasikiza ama umelala?"

"Nasikiza nikiwa nimelala."

Jioni tukampigia mama yangu, Cucu wake, anayeishi peke yake Kangari kwenye majani chai, ili naye afundishwe. Simu tuliiweka spika.

"Cucu, unalala na jiko?"

"Sasa nilale na nani, na guka yako alishaniacha mjane?" Mama akacheka. "Halinisumbui. Ni kichwa tu hunigonga nikiamka. Nikifika kwa majani kinaisha."

Binti yangu hakucheka. Alinitazama, kisha akaisogelea simu.

"Cucu, litoe nje. Fungua dirisha."

"Ati dirisha? Na hii baridi? Nyinyi watoto wa shule mtaniua." Akakata.

Asubuhi nilipiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Nilijiambia yuko shambani; kisha nikakumbuka kwamba hata simu ya maiti huita. Namba ya jirani yake sikuwa nayo. Mtu asiyetoka nyumbani hana namba za watu.

Nilifika stendi ndipo nikaona nimevaa patipati za bafuni. Nilikuwa nimeshakaa garini simu ilipolia.

"Mbona unanipigia kama polisi? Nilikuwa napeleka majani kituoni."

"Ulilala na jiko?"

"Nililala nalo. Lakini dirisha nilifungua kidogo, huyo mtoto asije akalia. Nimetetemeka usiku mzima. Kichwa... Kichwa leo hakiumi."

Dereva akawasha gari.

"Naja kulichukua hilo jiko," nikasema.

"Wewe? Uje huku?" Sasa sauti yake ndiyo iliyoingia woga. "Kwani nani amekufa?"