Baba Saba wa Burulcha

Burulcha alikuwa mtoto wa kike, lakini baba yake alimfundisha majina ya baba zake saba kama alivyowafundisha kaka zake, na akikosea hata mmoja alinyimwa chai. Kwa Wakirgizi, asiyewajua baba zake saba ni mtumwa, hana kwao. Basi akazeeka na majina hayo mdomoni pale kijijini Kochkor, akikanda mkate, akikamua ng'ombe, akimwuguza mumewe Tologon, ambaye mgodi wa makaa ulimrudisha nyumbani na mapafu yasiyoweza hata kupuliza moto.

Vuli ile daktari hakumficha: bila mashine ya oksijeni, mzee hamalizi baridi. Mashine mpya bei yake haishikiki. Ndipo kwenye simu akaona tangazo la iliyotumika, iko mji mkuu, Bishkek, kwa nusu ya bei. Jirani yake Sakish, muuza mtindi sokoni, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akamkalia kooni.

"Weee, Burulcha! Mtu humjui, uso hujauona, umpe hela kwanza? Mwambie aipakie kwenye gari, ulipe ikishushwa hapa. Akikataa, tapeli huyo!"

"Nitamwambia hivyo hivyo," akasema Burulcha, na kweli alinuia.

Akapiga. Ikapokea sauti ya kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama." Kabla hawajafika kwenye malipo, kijana akauliza swali ambalo Mkirgizi yeyote huuliza: "Mama, nyie ukoo gani?"

"Sisi Monoldori."

"Usiniambie! Hata mimi! Wa mzee nani?"

"Mimi binti Kasymaly. Kasymaly wa Shatman…"

"Shatman wa…" Kijana akavuta maneno, jina eti liko kwenye ncha ya ulimi.

"Wa Beknazar!"

"Beknazar huyo huyo! Na juu yake…"

"Tokoy!"

"Tokoy! Lo, nakuita mama, kumbe wewe dada yangu wa damu!"

Wakapanda hivyo mpaka wa saba, Burulcha mbele, kijana nyuma, na walipofika juu mwanamke wa watu alikuwa analia kwa furaha. Kijana alisema anaitwa Ermek, na mashine ilikuwa ya marehemu mama yake. Mteja mwingine alikuwa njiani na pesa taslimu, lakini damu nzito kuliko maji. Dada atume tu, mashine ipande gari la asubuhi.

Na sharti la Sakish? Lilifia mdomoni. Utamwambiaje ndugu yako "nione kwanza"? Ni kumtukana yeye na wazee wote saba makaburini mwao. Burulcha akamwuza farasi wao jike, akaenda kwa wakala, akatuma zote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hata nguoni hakuwamo. Nguo zenyewe alivalishwa na Burulcha, moja baada ya nyingine.

Asubuhi gari likashusha magunia ya unga, likashusha zulia, likashusha mwanamke na mtoto wake, likaondoka. Burulcha akabaki amesimama pale kituoni na mkokoteni aliouazima. Namba ya Ermek haikupokelewa tena. Polisi wakamwuliza kwa nini alituma pesa kwa mtu asiyemjua. "Namjua," akasema. "Ni ndugu yangu."

Nyumbani, Tologon akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa pumzi za kuombaomba: "Wale wazee… aliwataja yeye, au uliwataja wewe?"

Burulcha akayarudia mazungumzo yale kichwani, jina kwa jina. Mungu wangu! Yule kijana hakutaja hata mmoja. Alikuwa akirudia tu.

"Usilie," akasema Tologon. "Uliwataja vizuri. Baba yako angekupa chai."

Akafa theluji ilipoanza kushika mapaa. Alikufa ameketi, maana kulala kulishamshinda, mkewe amemshika mgongo.

Arobaini ilipopita, Sakish alikuja na simu yake mkononi, akamwonyesha tangazo. Picha ile ile, mashine ile ile, namba mpya. Burulcha akaichukua simu, akapiga.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ile ile. "Nyie ukoo gani?"

"Anza wewe," akasema Burulcha. "Nitajie baba zako saba."

Akamsikia anavyopumua, pumzi ndefu, nzuri, za mtu mwenye mapafu mazima.

"Basi saba wengi. Nitajie baba yako tu."

Simu ikakatwa.